Mlango wa Sauti: Kompyuta, Vipuri na Muziki Wetu

Ukimtajia kijana wa Bongo neno studio, kichwani mwake inakuja kompyuta, hata kabla ya gitaa. Lakini kompyuta haikuingia nchi hii kwa ajili ya muziki. Ilikuja kuhesabu fedha. Ya kwanza, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Haikuchukua miaka kumi mambo yakaharibika: mpango wa kuweka hesabu za Serikali ndani ya mashine ulivurugika, na fedha za kigeni nazo zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Aliyetaka mashine akaombe kibali, na mpiga gitaa wa Morogoro angeombaje kibali cha namna hiyo?

Nayakumbusha haya kwa sababu siku hizi vijana wengi wanaunga kompyuta zao wenyewe ili watengeneze muziki nyumbani. Wananunua kipuri kimoja leo, kingine baada ya mavuno. Na swali lao ni lile lile: nianze na kipi? Mimi nasema swali hilo lina historia, na historia yenyewe ndiyo inayotupa jibu.

Tuanze na enzi za mkanda. Kabla ya mwaka 1993 redio ya Bara ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, na studio yake ndiyo iliyohifadhi sauti za NUTA Jazz, Urafiki, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na bendi nyingine chungu nzima. Bendi ilikuwa inaingia nzima nzima, mashairi yameshapitiwa na wakubwa, halafu wote wanapiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni. Aliyekosea kawaponza wenzake, wanarudia wote. Santuri zilitengenezwa Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka kufungwa, hata njia hiyo ikawa ya miiba.

Sikiliza kanda za wakati ule. Utasikia tumba, utasikia ngozi ya ngoma, utasikia mwimbaji anavuta pumzi. Vifaa vilikuwa vichache, lakini maikrofoni zilikuwa za kazi, na mafundi walijua kuzipanga. Tatizo lilikuwa jingine: mlango ulikuwa mmoja na ufunguo ulikuwa wa Serikali. Wa Ihanja na wa Ilala wote walitakiwa wapange foleni pale pale.

Wakati sisi tukiwa katika marufuku, huko nje dunia ilikuwa inabadilika. Mwaka 1982 zikaingia sokoni CD, yaani muziki uliogeuzwa namba. Mwaka 1983 makampuni ya vinanda yakakubaliana lugha moja ya mashine, ikaitwa MIDI. Hapa, ndugu msomaji, tuelewane vizuri. MIDI haibebi sauti. Inabeba maagizo tu: bonyeza noti hii, kwa nguvu kiasi hiki, achia sasa. Ni kama barua kwa mpishi. Barua hailiwi, chakula kiko jikoni. Kwa hiyo kompyuta dhaifu iliweza kuongoza bendi nzima ya vinanda, maana sauti zenyewe zilikuwa ndani ya vinanda. Mwaka 1985 Atari ST ilitoka ikiwa na matundu yake ya MIDI, na mwaka 1989 programu ya Cubase ikaanza kutumika juu yake.

Kurekodi sauti halisi ni habari nyingine. Ili sauti iingie kwenye CD hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, kila kipimo kina biti 16, na njia ni mbili, kushoto na kulia. Piga hesabu mwenyewe: dakika moja inakula megabaiti kumi na ushee. Wimbo wa dakika nne wenye njia kumi na sita, kila ala na njia yake, unameza zaidi ya megabaiti 330. Katikati ya miaka ya tisini kompyuta ya kawaida ilikuwa na hadi diski ya gigabaiti moja, basi nyimbo tatu tu na nyumba imejaa.

Sasa turudi Bongo. Mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua mdundo wa Ice Ice Baby akauimbia Kiswahili. Mdundo ulikuwa wa Marekani, ulimi ndio ulikuwa wetu. Mwaka 1993 sheria mpya ya utangazaji ikafungua milango, mwaka 1994 Radio One na ITV zikaanza kusikika, na redio mpya zilikuwa na njaa ya nyimbo mpya. Masharti ya kuingiza kompyuta nayo yalikuwa yameshalegea. Dar es Salaam kukawa na studio za watu na taasisi zinazotajwa hadi leo: Don Bosco, Mawingu, MJ ya Master J, Bongo Records ya P-Funk. Midundo ikaanza kupikwa hapa hapa.

Lakini ilipikwa kwa viungo gani? Kompyuta za wakati ule zilikuwa nyepesi kwa MIDI na nzito kwa sauti halisi. Kwa hiyo njia ya mkato ilikuwa kinanda na sampla: ngoma ya kwenye kinanda, besi ya kwenye kinanda, hata filimbi ya kwenye kinanda. Wazee wakalalamika kwamba vijana wametupa asili. Vijana wakajibu kwamba wazee hawaelewi mambo ya sasa. Kumbe pande zote mbili zilikuwa zinabishana juu ya vipuri bila kujua. Aliyeunda kile kinanda huko Japani aliweka sauti alizozijua yeye. Ngoma ya Wanyaturu hakuiweka, na hana kosa, hajawahi kuisikia.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kila kipuri ndani ya kompyuta ya muziki kinafanya kazi juu ya sauti ambayo tayari imeshaingia. Prosesa inaikokotoa, RAM inaishikilia, diski inaitunza. Ni kipande kimoja tu kinachoamua ni sauti ya nani itakayoingia: maikrofoni pamoja na kadi ya sauti inayoipokea. Huo ndio mlango. Mwaka 1974 mlango ulifungwa kwa amri. Miaka ya tisini ulifunguliwa, lakini wengi wetu tukaingiza sauti za dukani. Leo ufunguo uko mfukoni mwa mtu binafsi, na bado unaona kijana anamaliza akiba yote kwenye prosesa ya kutisha na kadi ya picha ya kuchezea gemu, halafu anaimbia maiki ya simu. Kamba hukatikia pembamba, na yeye pembamba pake ni mlangoni.

Basi tupange mambo. Prosesa ya kompyuta ya mtumba, zile zilizotolewa maofisini zenye viini vinne, inatosha kuanzia. Kadi ya picha ya pekee haihitajiki kabisa, muziki hautazamwi. RAM gigabaiti nane ni ya kuanzia, kumi na sita ni raha. Diski ya SSD, hata ndogo, iwe ya programu na wimbo unaoshughulikiwa. Ile ya kuzunguka iwe ghala la kazi zilizokwisha. Pawasaplai usinunue ya bei ya karanga, maana ikifa hufa na jirani zake. Feni iwe ya pole pole, kwa sababu maiki nzuri haina upendeleo, inarekodi mwimbaji na feni sawasawa. Kwa huku kwetu Singida, mkoa wa vumbi na upepo, kasha lifunguliwe na kusafishwa mara kwa mara. Na umeme unaokatika katikati ya kurekodi unahitaji UPS, walau dakika kumi za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima.

Kisha kadi ya sauti, ile ya nje inayochomekwa kwa USB. Hapa usione haya kutumia fedha. Kadi iliyokuja na madabodi iliwekwa kwa ajili ya kusikilizia, na mara nyingi inachelewesha sauti. Kuchelewa huko kunapimika. Kompyuta ikikusanya vipimo 2,048 kabla ya kuvishughulikia, hizo ni milisekunde 46, na sauti hewani kwa muda huo husafiri karibu mita kumi na sita. Yaani ni kama unaimba huku mpiga ngoma wako yuko ng'ambo ya uwanja. Kadi yenye dereva nzuri inashusha vipimo hadi 256, milisekunde sita hivi, mita mbili tu. Hapo mnapiga mkitazamana. Ongeza maiki moja ya maana na hedifoni zisizokudanganya, na mlango umesimama.

Kuna atakayeniuliza: je, mlango huo una maana gani kwa kijiji? Jibu nalitoa kwa majirani zetu wa Dodoma. Mgogo Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze, alitoa albamu ya Chibite mwaka 1996 chini ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel ya Uingereza. Dunia ilimsikia vizuri kwa sababu mlango wa kule ulikuwa mpana. Ni sifa kwake na kwetu sote. Lakini ilimba imetoka Ugogo, imezunguka hadi Ulaya, ndipo ikatufikia kwenye CD ambayo wengi hatukuweza kuinunua. Zawose alifariki mwaka 2003. Ni wazee wangapi wa Ihanja, Sepuka na Ikungi wameshakwenda na nyimbo zao bila hata safari hiyo?

Kutoka Singida hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 700. Wimbo wa harusi wa Kinyaturu hauna nauli, na bibi anayeujua hatapanda basi kwenda kuuimba Kariakoo. Lazima studio imfuate, hata kama ni kompyuta ya mtumba iliyoungwa kwa vipande juu ya meza ya chakula. Mashine yenye nguvu inaweza kusubiri mavuno mengine. Bibi hawezi. Kwa hiyo, kijana mwenzangu, ukishika vijisenti vyako vya alizeti na ukajiuliza uanze na kipuri gani, nunua maiki kwanza.