Sanamu ya Mti Katika Uwanja wa Ngoma

Sanamu za Wasukuma, ambao ndio wengi wa wenyeji wa Bariadi na mkoa wote wa Simiyu, zilichongwa kwa mti, na wapo waliozihesabu kuwa vifaa vya ngoma tu, si sanaa. Hoja hiyo haisimami. Baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana kwa wakati mmoja, kila kimoja na manju wake, yaani kiongozi wa ngoma, na ushindi huenda kwa aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Sanamu ilichongwa kwa ajili ya ushindani huo mkali. Nyingine ziliungwa mikono inayochezeka, ili zichezeshwe mbele ya umati. Uso wenye alama chache na mwili uliorefushwa, ambavyo mtazamaji wa leo huviona kama kazi isiyokamilika, vilisomeka vizuri kutoka mbali, katikati ya vumbi la wachezaji.

Itasemwa kwamba manju walitegemea pia dawa, hivyo sanamu hizi ni uganga. Dawa walizitumia kweli, lakini mizani ya bega na shingo ilitoka kwenye jicho la fundi. Linganisha na sanamu ya Askari wa shaba nyeusi wa Dar es Salaam: kazi ya James Alexander Stevenson iliyozinduliwa mwaka 1927, alitengenezwa Uingereza ili asimame palepale, na hakuna anayemnyima jina la sanaa. Stevenson tunamjua kwa sababu aliandikwa. Wakusanyaji wengi wa sanamu za Kisukuma waliandika kabila, wakamwacha mchongaji.