Ajali ya ndege haina kinga?

Kuna msemo ambao, kila inapotokea ajali hapa kwetu, hufika kabla ya gari la wagonjwa. Ni ule usemao kwamba ajali haina kinga. Husemwa matangani, husemwa na viongozi wanapotoa rambirambi, husemwa ndani ya daladala za Mbagala na Tegeta pale gari linapopita mahali lilipopindukia jingine. Ni msemo wa kuwaliwaza wafiwa, na kwa kazi hiyo hauna ubaya. Lakini ukifanywa kuwa ndiyo maelezo ya kwa nini watu wamekufa, msemo huo hugeuka shuka la kufunikia mambo. Juma hili nataka tuupime kwa historia ya zile ndege ambazo wakazi wa Dar es Salaam wamezipa jina la mapangaboi.

Jina hilo lilivuma mwaka 2016, Serikali ilipoliletea Shirika la Ndege la Tanzania, ATCL, ndege mbili aina ya Bombardier Q400. Wapo waliobeza kwamba wenzetu wanaruka na majeti, sisi tumeletewa mapangaboi. Dhana yao ilikuwa kwamba ndege yenye rafadha ni ya kizamani, na ya kizamani ni ya hatari. Dhana hiyo si sahihi. Ndani ya injini ya Q400, au ya ATR, au ya kile kidege cha Cessna Caravan kinachovusha abiria kwenda Unguja, kuna tabaini kama ile ya jeti. Tofauti ni kwamba nguvu yake nyingi haitupwi nyuma kuisukuma ndege, bali huzungusha mhimili, na mhimili ukazungusha rafadha. Faida yake ni kwamba katika safari fupi injini hiyo hula mafuta kidogo, na ndege inaweza kuruka na kutua kwenye kiwanja kifupi. Njia kubwa ya kurukia ndege ya kiwanja cha Julius Nyerere ina urefu wa kilomita tatu hivi. Ile ya Bukoba ni kama nusu ya hiyo, na inaishia kando ya ziwa. Bila mapangaboi, mkazi wa Temeke mwenye msiba Kagera angebaki na basi tu.

Lakini faida hiyo ndiyo pia mzizi wa tatizo. Kwa kuwa ndege hizi zinaweza kwenda popote, hupelekwa popote: viwanja vifupi, mabonde yenye mawingu, miji isiyo na mitambo ya kumwongoza rubani hadi chini. Hufanya kazi mahali ambapo nafasi ya kukosea ni ndogo. Tutazame basi makosa yenyewe, moja moja.

Kosa la kwanza ni la mlima na wingu, nalo ni la zamani kuliko tabaini. Tarehe 18 Mei 1955, ndege ya DC-3 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki iliondoka Dar es Salaam kwenda Nairobi. Haikufika. Ilijipigiza kwenye kilele cha Mawenzi, katika mlima Kilimanjaro, na wote 20 waliokuwamo wakafa. Miaka 51 baadaye, tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya kijeshi ya Kenya aina ya Y-12 iligonga mlima Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Walikufa watu 14, miongoni mwao wabunge waliokuwa wakienda kusuluhisha makabila yaliyokuwa yakipigana. Tarehe 15 Novemba 2017, Caravan iliyotoka Kilimanjaro kwenda Serengeti ilianguka katika nyanda za juu za Ngorongoro, karibu na kreta ya Empakaai, ikaua watu 11. Tarehe 5 Juni 2018, Caravan nyingine iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, wakafa 10.

Hii ni aina ya ajali inayowashangaza watu wasio wa fani. Mara nyingi ndege huwa nzima, injini zinaunguruma, rubani yuko macho. Anachokosa ni kujua yuko wapi na ardhi iko wapi. Anaingia katika wingu akidhani mbele ni uwazi, kumbe mbele ni jiwe. Kinga yake inajulikana: kutoshuka chini ya kimo salama kilichoandikwa kwenye ramani, kuwa na mtambo wa kumwonya rubani kwamba ardhi inakaribia, na, kubwa kuliko yote, ujasiri wa kurudi ulikotoka.

Kosa la pili ni la mzigo. Tarehe 8 Januari 1996, ndege ya mizigo aina ya Antonov An-32 ilijaribu kuruka kutoka kiwanja cha Ndolo, kilicho katikati ya jiji la Kinshasa. Ilikuwa imesheheni kupita kiasi. Ilimaliza njia bila kupaa, ikaingia katika soko la Simbazikita lililojaa akina mama na wachuuzi. Waliokufa walikuwa zaidi ya 200, na karibu wote hawakuwa abiria. Walikuwa sokoni. Tarehe 4 Novemba 2015, Antonov An-12, nayo ya mizigo, ilianguka mara baada ya kuruka Juba, Sudan Kusini. Ndani yake mlikuwa na watu wengi kuliko ilivyopaswa, maana ndege ya mizigo katika nchi zenye vita na barabara mbovu imegeuzwa lori la kudandia.

Uzito wa ndege si suala la kubana pumzi kama konda anavyowabananisha abiria mlangoni. Kila kilo inayoongezwa hudai urefu zaidi wa njia ya kurukia, na siku ya joto kali hudai zaidi, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi na hubeba kidogo. Tena si uzito peke yake, bali na mahali ulipokaa. Mvuvi wa Kigamboni anajua kwamba ngalawa ikielemea upande mmoja hupinduka hata kama haijajaa. Ndege nayo ikielemewa mkiani huinua pua na kugoma kumtii rubani. Ndiyo maana abiria wa ndege ndogo hupimwa uzito yeye na begi lake, na hupangiwa kiti. Anayeficha mzigo mzito ndani ya mkoba wa mkononi kukwepa malipo anaongeza uzito ambao rubani hakuupigia hesabu.

Kosa la tatu ni la onyo lisilosikilizwa. Tarehe 2 Julai 2014, Fokker 50 iliyobeba miraa kutoka Nairobi kwenda Mogadishu ilianguka juu ya jengo eneo la Embakasi muda mfupi baada ya kuruka, wakafa wote wanne waliokuwamo. Wachunguzi wa Kenya walieleza kwamba wahudumu wake waliianza safari wakijua kuna hitilafu, na kwamba mtambo wa tahadhari ulilia zaidi ya mara 20 wakiwa wanakimbiza ndege, nao hawakusimama. Miraa ni mzigo usiongoja: ikichelewa inakauka, ikikauka haina bei. Fedha iliyo nyuma ya mzigo kama huo ina sauti, nayo humfikia rubani hata kama hayumo mtu wa kumshika mkono.

Hapa inafaa kueleza jambo moja linalozihusu ndege za rafadha peke yake. Injini ikifa angani, mapanga yake hutakiwa kugeuzwa ili yakate upepo kwa makali, kama mpiga makasia anavyolilaza kasia anapolirudisha. Yasipogeuzwa hukinga upepo kama ukuta na kuivuta ndege upande. Kwa hiyo rubani ana sekunde chache za kutambua ni injini ipi iliyokufa na kushika kishikio kilicho sawa. Mjini Taipei, tarehe 4 Februari 2015, injini moja ya ATR 72 ilipopoteza nguvu, rubani aliizima ile iliyo nzima. Wakafa watu 43. Kule Pokhara, Nepal, tarehe 15 Januari 2023, vishikio vya rafadha viliguswa badala ya kile cha kutandaza mbawa kwa ajili ya kutua. Rafadha zote mbili zikaacha kusukuma, na watu wote 72 wakafa. Hawa hawakuwa watu wajinga. Ni watu ambao mkono wao ulitangulia macho. Kinga yake ni mazoezi, na mazoezi ni gharama ambayo shirika lenye njaa ya fedha huwa la kwanza kuipunguza.

Sasa tuje nyumbani. Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air iliondoka Dar es Salaam alfajiri kwenda Bukoba ikiwa na watu 43. Kulikuwa na mvua na mawingu mazito juu ya ziwa. Ilipokuwa ikikaribia kutua iliingia katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na kiwanja. Uchunguzi ulionyesha kwamba mtambo ulikuwa umetoa tahadhari kwamba ndege inashuka kwa kasi mno. Hadi hapo ni yaleyale ya mlima na wingu, isipokuwa safari hii badala ya mlima palikuwa na maji.

Lakini kilichofuata ndicho kinachopaswa kutunyima usingizi. Waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mkia wa ndege ulikuwa nje ya maji, watu wanautazama kutoka ufukweni. Wananchi walileta kamba na kuivuta kwa mikono. Watu 24 waliokoka. Watu 19 walikufa, wakiwamo marubani wote wawili. Mvuvi mmoja aliyeingia majini alisimulia kwamba alimwona rubani akimpa ishara kupitia kioo. Taarifa ya awali ya uchunguzi ilisema boti ya polisi wa majini ilichelewa, na ilipofika haikuwa na oksijeni ya kutosha wala mafuta ya kutosha.

Ndugu msikilizaji, kiwanja hicho kimepakana na ziwa. Ziwa halikuhamia pale usiku wa kuamkia Jumapili. Na ni ziwa hilohilo ambamo meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, watu wakiwa hai ndani ya tumbo lake na nchi haina wazamiaji wa kuwafikia. Kati ya ajali hizo mbili ilipita miaka 26. Aliyezaliwa mwaka wa meli alikuwa mtu mzima mwaka wa ndege, na bado tegemeo la kwanza lilikuwa mtumbwi na kasia.

Tukirudi kwenye msemo wetu, wahenga wanao mwingine wenye neno hilohilo kwa maana nyingine: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga hapa ni kijinga cha moto. Hivyo ndivyo ajali za ndege zinavyowaka. Wingu peke yake haliui. Kiwanja kifupi peke yake hakiui. Rubani aliyechoka, mzigo uliozidi, tahadhari iliyopuuzwa, boti isiyo na mafuta, kila kimoja kikiwa peke yake huzimika. Vikikutanishwa, huwaka. Ukiondoa kimoja tu, watu wanarudi majumbani mwao.

Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, uliotiwa saini Chicago mwaka 1944, una kiambatisho kisemacho kwamba uchunguzi wa ajali shabaha yake ni kuzuia nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Lakini uchunguzi unaofungiwa kabatini hauzuii kitu. Abiria wa Kinondoni anayelipa nauli yake ana haki ya kusoma, kwa Kiswahili anachokielewa, ni nini kilichopendekezwa baada ya Bukoba na ni kipi kimetekelezwa. Wakazi wa Kiwalani, Kipawa na Yombo, ambao ndege hupita juu ya mabati yao, wana sababu ya kukumbuka soko la Simbazikita kila mtu anapotaka kujenga au kupanga biashara mahali palipoachwa wazi kwa ajili ya usalama wa kiwanja. Na sote tunaokwenda kupanda ndege tunaweza kuacha kumfokea mhudumu anapotangaza kwamba safari imeahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Rubani anayekataa kuruka, au anayegeuza na kurudi, amefanya kazi yake.

Tuwaliwaze wafiwa kwa msemo wowote unaowafariji. Lakini matanga yakishaanuliwa, tuulize: ni kijinga kipi ambacho hakikuondolewa, na nani alikuwa na jukumu la kukiondoa?