Onkojeni Haiui Peke Yake: Hoja Kutokana na Limfoma ya Burkitt

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote mbili. Wiki chache baadaye, huko Jinja, alimkuta mtoto mwingine mwenye uvimbe kama huo, na alipompapasa tumbo akaugusa uvimbe humo pia. Ugonjwa huo, ambao leo huitwa limfoma ya Burkitt, ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa kabisa kwa binadamu: uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Makala haya yanautumia ugonjwa huo kupinga mfano uliozoeleka darasani, kwamba onkojeni, yaani jeni inayoweza kuisukuma seli kuwa ya saratani, ni mafuta ya gari yaliyokanyagwa bila kuachiwa, na jeni za kuzuia uvimbe ni breki zilizokatika. Kwa mwanafunzi anayeanza, mfano huo unafaa. Kasoro yake ni kwamba unayachukulia mafuta na breki kuwa vitu viwili visivyojuana. Ndani ya seli, mguu unaokanyaga mafuta ndio huo huo unaoamsha breki.

Kwanza, onkojeni si mgeni mwilini. Mwaka 1911 Peyton Rous alionyesha kwamba majimaji yaliyochujwa kutoka kwenye uvimbe wa kuku yanaweza kumsababishia kuku mwingine saratani. Mwaka 1976 kundi la Michael Bishop na Harold Varmus likabaini kwamba jeni ya src, iliyobebwa na kirusi kilichokuwa ndani ya majimaji hayo ya Rous, asili yake ni seli za kawaida za ndege. Kirusi kilikuwa kimeiiba.

Katika limfoma ya Burkitt hapana wizi, kuna kuhama. Mwaka 1982 watafiti walithibitisha kwamba jeni ya MYC, ambayo makao yake ni kromosomu ya 8, hujikuta mara nyingi imepachikwa kwenye kromosomu ya 14, kando ya jeni zinazotengeneza kingamwili. Kwa kawaida MYC huwashwa seli inapotakiwa kugawanyika, kisha huzimwa. Lakini katika seli B, ambazo ndizo chimbuko la kingamwili, eneo la jeni hizo halipumziki. MYC iliyohamia hapo huanza kupokea amri za jirani asiyelala, na seli hugawanyika mfululizo. Kwa wagonjwa wengi wa Afrika kromosomu hukatika mbali na MYC, hivyo jeni huhama ikiwa nzima. Tatizo la awali basi ni anwani yake mpya.

Hapa ndipo mfano wa gari unapokwama. MYC ikizidi, huichochea seli kugawanyika na wakati huo huo huisukuma kujiua, kwa sehemu kupitia protini ya p53, ambayo ni mojawapo ya breki hizo. Ushahidi unaonekana kwenye hadubini: seli za uvimbe zimesongamana kama anga la giza, na katikati yake yametapakaa madoa meupe. Wanapatholojia huiita sura hiyo anga lenye nyota. Kila nyota ni seli mlaji inayozoa maiti za seli za saratani. Uvimbe unaokua kwa kasi hiyo ni makaburi pia.

Swali lenye uzito basi ni nini kinachoziwezesha seli nyingine kunusurika. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona virusi ndani ya seli zilizotoka kwenye uvimbe wa mgonjwa wa Uganda. Virusi hivyo, vya Epstein-Barr, huisaidia seli kukwepa kifo. Malaria nayo huzichochea seli B kwa wingi na kuongeza kazi ya kimeng'enya cha AID, ambacho hukata DNA ya jeni za kingamwili na mara nyingine hukosea mahali. Ndiyo maana ramani ya ugonjwa huu Afrika hufuatana na ramani ya malaria kali. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wana virusi hivyo, na wachache mno hupata limfoma hii. Hakuna sababu moja inayojitosheleza.

Mpinzani atakayesema onkojeni moja inatosha atataja saratani sugu ya damu inayotokana na jeni ya BCR-ABL, ambayo tangu 2001 hutibiwa kwa imatinib, dawa inayolenga protini hiyo moja. Mafanikio yake ni makubwa. Lakini wagonjwa wengi hulazimika kuendelea kuimeza kwa miaka, na ugonjwa unapogeuka kuwa mkali, kwa kawaida mabadiliko mengine ya jeni huwa yamejiunga. Onkojeni huanzisha safari. Mazingira ya seli huamua itafika wapi.

Hoja hii ina maana nje ya maabara. Tunaposema kwa mkato "jeni ya saratani", mzazi husikia urithi, na huanza kuuliza ugonjwa umetoka upande wa nani. Katika limfoma ya Burkitt, MYC huhama ndani ya seli moja ya mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Baba hakuileta, wala mama. Badala ya kuchunguza ukoo, tutazame mbu wa malaria wanaoingia chumbani mwa mtoto usiku, kwa sababu huko kuna sehemu ya ugonjwa huu tunayoweza kuizuia.