Mbinu za kupata vikapu rahisi bila kutegemea urefu wa wachezaji

WEBUYE, mji ambao kwa miongo kadhaa ulijulikana kwa kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills hadi kilipofungwa mwaka 2009, hauna uhaba wa vijana wenye mbio. Wanaokosekana mara nyingi, timu ya shule inapojitosa uwanjani, ni wachezaji wa kimo cha kuikaribia pete iliyotundikwa mita 3.05 kutoka ardhini. Kwa mkufunzi wa timu kama hiyo, kubuni mashambulizi yanayozaa mitupo myepesi karibu na kikapu ndiyo njia ya pekee ya kusonga mbele mashindanoni.

Nao muda ni mchache. Kwa desturi, mpira wa vikapu wa shule za sekondari nchini Kenya huchezwa muhula wa kwanza, sambamba na hoki, handiboli na raga. Mshindi wa Bungoma huingia mashindano ya eneo la Magharibi, ilhali shule za Kitale, ingawa ni jirani, hupigania nafasi ya Bonde la Ufa. Huko Magharibi ndiko iliko Tigoi Girls ya Vihiga, ambayo jina lake si geni katika mpira wa vikapu wa wasichana. Katika majuma machache hayo, mkufunzi hawezi kuwarefusha wachezaji wake. Hawezi pia kuwageuza kuwa mafundi wa mitupo ya mbali kwenye uwanja wa wazi unaopigwa na upepo. Anachoweza ni kuwafunza mipango miwili au mitatu hadi iwakae akilini.

Hesabu yenyewe inatetea mtupo wa karibu. Katika ligi ya NBA ya Marekani, wanakocheza mabingwa wa kutupa, majaribio ya chini ya pete hufaulu zaidi ya mara sita kati ya kumi. Yale ya nje ya mstari wa pointi tatu hufaulu chini ya mara nne. Mitupo 100 ya karibu ikiingia 60 huleta pointi 120. Mitupo 100 ya mbali ikiingia 36 huleta 108. Kwa vijana wa shule, ambao mitupo yao ya mbali haijakomaa, pengo hilo hupanuka zaidi.

Kosa linalofanywa sana ni kumsimamisha mchezaji mrefu chini ya pete na kuwaagiza wenzake wamrushie mpira. Agizo hilo linaonekana la busara, lakini linasahau kwamba mrefu huyo haendi huko peke yake. Mlinzi mrefu wa upande wa pili humfuata, na kila anayejaribu kupenya anawakuta wote wawili wameziba njia. Anayetunga shambulizi anapaswa kujiuliza kwanza msaidizi wa ulinzi atakuwa wapi, ndipo aulize nani atatupa. Kikapu rahisi hupatikana pale msaidizi huyo alipoitwa mbali na pete, au alipolazimishwa kulinda watu wawili kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana mipango mingi mizuri humwondoa mrefu chini na kumpandisha hadi karibu na mstari wa mtupo huru, mgongo wake ukielekea kikapu. Akipewa mpira hapo, mlinzi wake hana budi kupanda naye, na eneo la chini hubaki tupu. Wakati huohuo mwenzake aliye pembeni hupiga hatua mbili kuuendea mpira, kana kwamba anaomba pasi. Mlinzi wake akijitupa mbele ili kuizuia, mchezaji huyo hugeuka ghafla na kukimbia nyuma yake kuelekea pete, na pasi ya kudundisha humkuta huko. Kadiri mlinzi anavyokuwa na pupa ya kunyang'anya, ndivyo mbinu hii inavyomwadhibu.

Mfano unaotajwa sana ni wa Machi 14, 1996, huko Indianapolis. Chuo Kikuu cha Princeton, chini ya mkufunzi Pete Carril, kilikuwa sare ya 41-41 na UCLA, bingwa mtetezi wa vyuo vya Marekani, zikiwa zimesalia sekunde chache. Steve Goodrich, mchezaji mrefu aliyekuwa amesimama juu, alimpasia Gabe Lewullis aliyepenya nyuma ya mlinzi wake, naye akautia mpira kupitia ubao. Princeton ikashinda 43-41.

Wakenya nao wana mtupo wao wa kukumbukwa, ule wa Tylor Ongwae wa Februari 2021 mjini Yaoundé, ulioizamisha Angola 74-73 katika mechi ya kufuzu AfroBasket. Ulikuwa ushindi mkubwa wa vijana wa Liz Mills. Hata hivyo, mtupo wa sekunde ya mwisho hutegemea kipaji cha mtu mmoja. Shambulizi la Princeton lingeweza kukamilishwa na kijana yeyote anayejua kukimbia na kudaka.

Mbinu ya pili ni kizuizi, ambacho wachezaji wengi hukiita skrini. Mchezaji mmoja husimama imara katika njia ya mlinzi wa mwenye mpira. Akisogea wakati wa mgongano, refa atapuliza. Mwenye mpira hupita akigusana naye bega kwa bega, na walinzi wawili wanapomkimbilia, aliyeweka kizuizi hugeuka na kuteremka kuelekea pete. Jambo linalopuuzwa ni nafasi za wale watatu waliobaki. Wakisimama karibu na kikapu, huwaleta walinzi wao kuharibu kazi. Wakae pembeni kabisa, hasa upande wa mbali, ili msaidizi akiingia ndani awe amemwacha mtu peke yake.

Timu nyingi za shule hupenda ulinzi wa eneo, wawili mbele na watatu nyuma, kwa kuwa haudai mbio nyingi. Kuuzunguka kwa pasi za nje ni kuusaidia tu. Mpira uingizwe katikati, kwenye mstari wa mtupo huru. Mlinzi wa kati wa nyuma akipanda kuukabili, mshambuliaji aliyejificha kwenye mstari wa mwisho hujitokeza mgongoni mwake. Asipopanda, aliye na mpira atupe palepale.

Fursa nyingine hupotezwa bure wakati wa kurusha mpira kutoka mstari wa mwisho, chini ya pete ya wapinzani. Mrushaji ana sekunde tano. Wanne wajipange kwa umbo la sanduku, wawili chini na wawili juu. Wa chini wapande kuwawekea vizuizi walinzi wa wale wa juu, nao wa juu wateremke kwa kasi. Walinzi wakibadilishana watu, waliopanda wageuke mara moja, kwani mlinzi mpya atakuwa bado nyuma yao.

Mistari pia ina lake. Tangu 2010 eneo la sekunde tatu ni mstatili wa upana wa mita 4.9, uwanja ambao haujachorwa upya bado utakuwa na umbo la zamani, pana mita 6 kwenye mstari wa mwisho, na anayezoea hapo huanza kupenya kutoka mbali kuliko inavyohitajika.

Halafu kuna kumalizia, ambako mpango mzuri huharibikia. Anayetumia mkono wa kulia huruka kwa mguu wa kushoto na kulenga mstatili mdogo wa ubaoni, wenye upana wa sentimita 59 na kimo cha 45. Akitokea upande wa kushoto, hubadilisha mkono na mguu, na zoezi hilo hupaswa kufanywa akiwa amechoka, mwisho wa mazoezi, mlinzi akimkimbiza kwa nyuma.