Mbona C? A na B zilienda wapi?

Hebu fungua laptopu yoyote ya Windows. Diski inaitwa C. Ushawahi kujiuliza A na B zilienda wapi? Hazikupotea. Zilikuwa na wenyewe: flopi.

Agosti 1981, IBM ilitoa PC yake ya kwanza, ikitumia DOS kutoka Microsoft. Flopi ya kwanza ilikuwa A, ya pili B. Kila moja ilibeba kilobaiti 160 tu. Picha moja ya simu yako haitoshei hapo! Na folda? Hakuna. Faili zote zilirundikwa pamoja, kama nguo kwenye mfuko mmoja. Lakini haukuwa uzembe. Ukiwa na shati tatu, kabati ni ya nini?

1983 ikaja PC XT na diski ngumu ya megabaiti 10, zaidi ya flopi 60 za mwanzo. A na B zilikuwa zishachukuliwa, so ikapewa C. Sasa nguo zimekuwa nyingi, kabati ikahitajika. DOS 2.0 ikaleta folda, wazo lililotolewa Unix.

Mtandao nao ulikuwa na kazi. DOS iliamini kompyuta moja ni ya mtu mmoja. Haikuuliza nenosiri, aliyekaa kitini ndiye mwenye mali. Ofisi zilipoanza kuunganisha mashine, swali likatokea: wawili wakifungua faili moja, nani anaandika? DOS 3.0 ya 1984 ikaleta njia ya kufunga faili. 3.1 ikaweza kutumia diski iliyo kwenye kompyuta nyingine.

Lakini ile imani ya zamani haikuisha. Windows 95 ilikuja tayari kwa intaneti, na ilikuomba nenosiri. Ukibonyeza Esc? Unaingia tu. Mlango upo, kufuli ni ya maonyesho.

Hapo ndipo nataka tusikizane, sisi tunaojenga app za chama, za duka, za shule. Nafasi ukikosa leo, utaongeza kesho. Folda pia zilikuja baadaye na dunia haikuanguka. Lakini swali la "nani anaruhusiwa kuona hii?" ukiliacha la mwisho, utakuwa unaweka kufuli kwenye nyumba ambayo watu washaingia.

Liulize siku ya kwanza, hata kama mtumiaji ni wewe peke yako.