Mfadhaiko wa baada ya kiwewe kwa wanafunzi wa vyuo vikuu

Mfadhaiko wa baada ya kiwewe kwa wanafunzi wa vyuo vikuu ni hali ya mwanafunzi kusomea shahada huku akiishi na ugonjwa wa akili unaojulikana kimataifa kwa kifupi chake PTSD. Ugonjwa huo huweza kumpata mtu aliyepitia au kushuhudia tukio la kutisha, kama vile vita, shambulio la kigaidi, ajali mbaya, ubakaji au ukatili wa utotoni.

Dalili zake hugusa kumbukumbu, umakini na usingizi, yaani mambo yaleyale ambayo masomo ya chuo huyategemea zaidi. Kwa sababu hiyo mwanafunzi mwenye PTSD mara nyingi huonekana mvivu au mtoro, kumbe ni mgonjwa anayeweza kutibiwa na kumaliza masomo yake.

Historia na kuenea

Dalili za ugonjwa huu zilionekana tangu zamani, hasa kwa askari. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia madaktari wa Uingereza waliziita mshtuko wa makombora. Jina la sasa liliingizwa rasmi katika mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani mwaka 1980, baada ya miaka ya kuwachunguza askari waliorudi kutoka Vita vya Vietnam pamoja na watu walionusurika ubakaji na maafa mengine.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, takriban asilimia 70 ya watu hupatwa na tukio la kutisha angalau mara moja maishani, lakini ni wachache wanaopata PTSD baadaye. Asilimia 3.9 ya watu wote duniani wamewahi kuwa nayo. Hatari ni kubwa zaidi baada ya ukatili wa kijinsia na kati ya watu waliopitia vita.

Dalili na athari zake masomoni

Dalili hugawanywa katika makundi manne, na ugonjwa hutambuliwa zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha ya kila siku.

* Kurudiwa na tukio: picha, sauti au harufu za tukio humjia mtu bila kutaka, mchana au ndotoni. Mwanafunzi anaweza kukaa saa nzima mbele ya ukurasa mmoja bila kuelewa alichosoma.
* Kuepuka: mtu hukwepa mahali, watu au mazungumzo yanayomkumbusha tukio. Chuoni hali hiyo huonekana kama utoro, kukosa semina au kutofungua barua pepe za mhadhiri.
* Mabadiliko ya mawazo na hisia: hatia, aibu, kujitenga na kutoona maana ya kupanga maisha ya mbele. Mwanafunzi huacha kujiandikisha kwa mitihani kwa sababu haamini kwamba atafika kuhitimu.
* Kuwa macho kupita kiasi: mtu hushtuka upesi, hukasirika haraka na hukosa usingizi. Ukumbi uliojaa watu, wenye mlango mmoja nyuma yake, unaweza kumchosha kuliko somo lenyewe.

Katika ubongo, sehemu iitwayo amigdala, ambayo huashiria hatari, hufanya kazi kupita kiasi, wakati hipokampasi, inayosaidia kuweka kumbukumbu mahali na wakati wake, huathirika. Hivyo tukio lililopita huhisiwa kana kwamba linatokea sasa. Hali hiyo haipimi akili ya mtu: mwanafunzi aliyekuwa akifaulu vizuri anaweza kuanza kupata mitihani ya marudio (sapu) muhula hadi muhula, na hatimaye kuondolewa chuoni (kudisko), bila yeyote kumuuliza kilichompata.

Mifano

Marekani

Sheria ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika Agosti 2009, huwalipia masomo ya chuo askari waliotumikia jeshi baada ya mashambulio ya 11 Septemba 2001. Askari wengi waliotoka Iraki na Afghanistan waliingia vyuoni kwa njia hiyo, baadhi yao wakiwa na PTSD. Vyuo vingi vilifungua ofisi maalumu za kuwahudumia. Hata hivyo, wanafunzi wengi wenye PTSD hawakuwahi kuwa askari; miongoni mwao wamo walionusurika ubakaji, ukatili wa nyumbani na ajali.

Kenya

Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, kundi la al-Shabaab lilishambulia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Waliuawa mabwenini na mahali walipokusanyika kwa sala, hivyo kwa walionusurika chuo chenyewe kikawa mahali pa kiwewe. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilitoa ushauri nasaha kwa manusura na familia, na wanafunzi walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ili waendelee na masomo. Kampasi ya Garissa ilifunguliwa tena Januari 2016.

Rwanda

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wanafunzi wa chuo kikuu mjini Butare walianzisha chama cha wanafunzi walionusurika, AERG, mwaka 1996. Wanachama hujipanga katika familia: mmoja huchaguliwa kuwa baba, mwingine mama, nao hufuatilia nani hajaja darasani, nani hajala na nani anahitaji daktari. Msaada huo huhitajika hasa mwezi Aprili, wakati wa kumbukumbu ya mauaji, ambapo dalili za wengi huzidi.

Haki na marekebisho

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, unawahusu pia wenye matatizo ya akili ya muda mrefu, na unadai wapatiwe marekebisho yanayofaa katika elimu ya juu. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Nchini Marekani haki hiyo hutokana na sheria za mwaka 1973 na 1990, na nchini Uingereza na sheria ya usawa ya mwaka 2010.

Marekebisho ya kawaida ni haya:

* muda wa ziada au chumba tulivu cha mtihani;
* ruhusa ya kukaa karibu na mlango na kutoka kwa muda mfupi;
* ruhusa ya kurekodi mihadhara;
* kupunguza idadi ya masomo kwa muhula;
* kuhama bweni;
* kuahirisha masomo kwa sababu ya ugonjwa badala ya kufutiwa usajili.

Kwa kawaida mwanafunzi hupeleka barua ya daktari kwa mshauri wa wanafunzi au ofisi ya wenye ulemavu. Halazimiki kumsimulia kila mhadhiri yaliyompata. Barua ikitaja mahitaji yake inatosha. Ni muhimu kuomba mapema, kwa kuwa vyuo vingi haviwezi kubadilisha matokeo ya mtihani uliokwisha kufanywa.

Marekebisho hayachukui nafasi ya matibabu. Kukwepa kila kinachokumbusha tukio huleta nafuu ya muda, lakini huimarisha hofu. Vilevile utafiti umeonyesha kwamba kumwonya tu mwanafunzi kabla ya somo lenye mambo ya kutisha hakupunguzi uchungu anaousikia.

Matibabu

Tiba yenye ushahidi mkubwa ni ya mazungumzo inayolenga kiwewe chenyewe. Mgonjwa husaidiwa na mtaalamu kulikabili tukio hatua kwa hatua na kuchunguza mawazo ya hatia yaliyobaki. Mara nyingi huchukua vikao 8 hadi 16 vya kila wiki, takriban muhula mmoja. Kwa kuwa uchungu unaweza kuongezeka katika vikao vya kwanza, ni vema mwanafunzi na mtaalamu wake wapange ratiba wakiangalia kalenda ya mitihani.

Aina mojawapo ya tiba hiyo, ambapo mgonjwa husimulia maisha yake yote kwa mfuatano, ilijaribiwa kati ya wakimbizi nchini Uganda, na ilionekana kwamba hata watu wasio madaktari wanaweza kuitoa wakifundishwa vizuri. Dawa kama sertralini na paroksetini huwasaidia baadhi ya wagonjwa. Pombe, bangi, na miraa inayotafunwa ili kukesha huvuruga usingizi na kuzidisha tatizo. Mwenye mawazo ya kujiua anahitaji kupelekwa hospitali mara moja.

Vikwazo

Katika Afrika Mashariki wataalamu wa afya ya akili ni wachache na wengi wao wako mijini. Wagonjwa pia huogopa kuitwa wendawazimu, au kuambiwa kwamba wamerogwa au wamepungukiwa na imani. Wanaume hukumbushwa kwamba mwanamume halii, na waliobakwa huogopa kulaumiwa. Mara nyingi wa kwanza kugundua tatizo si daktari bali mwenzake wa chumbani, anayemsikia akipiga kelele usingizini. Akimsikiliza bila kumlazimisha kusimulia, kisha akamsindikiza kwa mshauri, anaweza kumwokoa mwenzake asiache chuo.

Tazama pia

* Afya ya akili
* Sonona
* Ushauri nasaha