Uchunguzi wa mapema wa figo

Uchunguzi wa mapema wa figo ni upimaji wa damu na mkojo wa mtu mzima asiye na dalili, ili ugonjwa sugu wa figo ugunduliwe kabla haujafika mbali. Kinachopimwa zaidi kwenye damu ni kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huichuja na kuitoa kwa mkojo. Uchujaji ukipungua, taka hiyo hujilimbikiza kwenye damu.

Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja. Baadhi vikifa, vilivyobaki huongeza kazi, hivyo mtu anaweza kupoteza nusu ya uwezo wa kuchuja na bado akaendelea na shughuli zake kama kawaida. Kuvimba miguu, kichefuchefu na mwili kuwasha kwa kawaida huja ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Maumivu ya kiuno, ambayo wengi huyahofia, kwa kawaida hayatokani na ugonjwa huu.

Mwaka 1886 Max Jaffe wa Ujerumani alieleza kwamba kreatinini ikikutana na asidi ya pikriki penye alkali hutoa rangi ya chungwa iliyokolea. Maabara nyingi hadi leo hupima kwa njia hiyo, na mashine husoma ukali wa rangi. Kazi kubwa ni kulielewa jibu. Chukua kreatinini ya mikromoli 106 kwa lita. Kwa kijana wa kiume wa miaka 25, kanuni ya ukokotoaji ya mwaka 2021 inatoa kasi ya uchujaji ya takriban mililita 86 kwa dakika, ambayo peke yake haitishi. Kwa bibi wa miaka 70, namba hiyohiyo inatoa takriban 49, yaani chini ya mpaka wa 60 unaoashiria kasoro ya figo. Karatasi ya majibu yenye kreatinini tupu, bila kasi ya uchujaji, inaweza kumrudisha bibi huyo nyumbani akiamini kuwa ni mzima.

Kanuni za ukokotoaji za mwaka 1999 na 2009, zilizotungwa Marekani, ziliwapandishia watu weusi matokeo kwa takriban asilimia 16 hadi 21. Zilipotumiwa hivyo Afrika, mara nyingi zilionyesha figo kuwa na nguvu kuliko zilivyo. Kanuni ya 2021 imeondoa kigezo cha rangi, na maabara ambayo bado inatumia zile za zamani inapaswa kuziacha.

Damu peke yake haitoshi. Figo iliyoanza kuumia, hasa kwa kisukari, huvujisha protini ya albumini kwenye mkojo wakati kreatinini ingali ya kawaida. Kwa hiyo vipimo viwili, cha damu na cha mkojo, huenda pamoja, na kumpa mgonjwa kimoja tu ni kumpunja. Wanaohitaji kupimwa kwanza ni wenye kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo, virusi vya UKIMWI, au ndugu wa damu aliyeugua figo. Kwa mtu asiye na mojawapo ya hayo, faida ya kupima bado haijathibitishwa vizuri.

Jibu baya la siku moja si ugonjwa sugu. Nyama iliyopikwa, virutubisho vya kuongeza misuli na dawa kama trimethoprimu huweza kupandisha kreatinini, nako kuhara humkausha mtu maji na kuzielemea figo kwa muda. Ili ugonjwa uitwe sugu, kasoro lazima idumu miezi 3 au zaidi.

Ukithibitika, hatua ya kwanza ni kudhibiti presha na sukari, na kuepuka matumizi holela ya dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Dawa kama enalaprili na losartani hupunguza albumini inayovuja na kuchelewesha ugonjwa. Katika wiki za mwanzo, dawa hizo huweza kupandisha kreatinini kidogo. Ongezeko lisilozidi asilimia 30 kwa kawaida huvumiliwa, na mgonjwa huendelea na dawa huku akipimwa potasiamu.